Somo la Historia ya Utabibu: Mama Daktari na Kifafa cha Mahenge

Katika somo lililotangulia tulisimulia habari za Profesa Rudolf Geigy wa Basel, aliyeanzisha maabara ndogo pale Ifakara katika mwaka wa 1957, akawa anachunguza papasi na wadudu wengine waletao maradhi. Leo tunauacha mji wa Ifakara, tunavuka mto Kilombero, tunapanda milima mpaka Mahenge. Siku hizi lipo Daraja la Magufuli, na kuvuka ni jambo la dakika chache. Lakini zamani zile ilikuwa lazima kungoja kivuko, na wakati wa masika bonde lote hugeuka kuwa ziwa. Kumbuka jambo hilo, maana mgonjwa wa kifafa akikosa vidonge vyake kwa ghafula anaweza kuanguka mara nyingi kuliko kwanza, na vidonge hivyo vilipaswa kuvuka mto.

Daktari tunayemsoma ni Bibi Louise Jilek-Aall. Alizaliwa Norwei katika mwaka wa 1931, akasomea udaktari Ulaya, kisha akajifunza maradhi ya nchi za joto huko Basel. Alifika Tanganyika mwaka 1959, angali kijana. Watu walimwita Mama Daktari, na jina hilo akaliweka katika kichwa cha kitabu alichokichapisha mwaka 1979. Alitembea sana: alifanya kazi Kongo wakati wa machafuko ya mwaka 1960, akamsaidia Dakta Albert Schweitzer kule Lambaréné, na mwishowe akawa mwalimu wa magonjwa ya akili katika chuo kikuu cha British Columbia, nchini Kanada. Hayo tunayapita upesi. Kazi iliyomshika maisha yake yote ilikuwa Mahenge, kwa Wapogoro.

Alikuta nini huko? Alikuta watu wenye makovu makubwa ya moto, wengine vidole vimeungua, wengine uso. Hao walikuwa wagonjwa wa kifafa waliokuwa wameangukia mekoni. Pengine utauliza, kwa nini hawakuvutwa haraka? Jibu lake ni la kusikitisha. Watu wengi waliamini kwamba povu na mate ya mgonjwa, na kila kinachomtoka wakati wa kuanguka, huambukiza. Kwa hiyo aliyeanguka hakuguswa. Alipewa chombo chake cha kulia, mara nyingine kibanda chake cha kulala, na kuoa au kuolewa kukawa shida. Tusiwaite wazee wale wajinga kwa haraka. Walikuwa wameona kwa macho yao kwamba kifafa huingia nyumba moja na kuwashika ndugu wawili, watatu. Mtu asiyejua habari za urithi angefikiri nini isipokuwa kwamba ugonjwa unahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine?

Hapa tusimame kidogo. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa povu. Ukimwona mtu ameanguka, mwondoe karibu na moto au maji, legeza nguo za shingoni, na mtikisiko ukikoma mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko wala kitu cho chote mdomoni, wala usimfunge mikono. Akiendelea kutikisika zaidi ya dakika tano, apelekwe hospitali.

Basi Mama Daktari alifungua kliniki ya kifafa pale Mahenge mwanzoni mwa miaka ya sitini. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Ili kumpima mgonjwa ilimlazimu amshike, na watu walipoona kwamba daktari anawagusa wagonjwa wala hapatwi na lo lote, hilo peke yake lilikuwa somo. Hata alipoondoka nchini, kliniki haikufungwa.

Sasa tuje kwenye fumbo lenyewe. Mama Daktari aliona kwamba wagonjwa wengi wana jamaa wenye kifafa. Je, ulikuwa urithi? Tuchukue mfano wa mkulima wa mpunga wa bonde hili. Anaona kona moja ya shamba mpunga umekuwa manjano. Huenda mbegu ya kona ile ilitoka ghala moja, nayo ni mbaya. Au huenda mbegu ni njema, ila maji yanayosimama pale ndiyo mabaya. Kwa kutazama tu hawezi kujua, kwa sababu mbegu za ghala moja amezipanda mahali pamoja. Hivyo ndivyo ilivyo kwa watu. Ndugu wa tumbo moja wameshiriki damu, lakini pia wameshiriki kisima, njia ya mtoni, nyama ya chungu kimoja na mbu wa nyumba moja.

Kazi ya kuhesabu ilifanywa vizuri miaka mingi baadaye, naye aliyeiongoza alikuwa Mtanzania, Dakta H. T. Rwiza, bingwa wa magonjwa ya ubongo. Mwaka 1989 wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji 11 vya Wilaya ya Ulanga, wakiuliza watu kama 18,000. Walipata watu 207 wenye kifafa, na wale ambao ugonjwa wao ulikuwa bado hai walifika 10 katika kila 1,000. Lakini vijiji havikulingana hata kidogo: kimoja kilikuwa na wagonjwa 5 kwa kila 1,000, kingine 37. Mimi naona hesabu hii ya vijiji ndiyo iliyostahili kuwashtua watu zaidi, maana Wapogoro wa kijiji kimoja na wa kijiji cha pili ni jamaa. Mbona mlima mmoja uwe na wagonjwa mara saba kuliko mwingine?

Rwiza na Jilek-Aall waliwatafuta pia wagonjwa wa kwanza wa kliniki, watu 164, wajue yaliyowapata baada ya miaka 30. Kwa wale waliokunywa dawa sawasawa, zaidi ya nusu waliacha kuanguka kabisa. Lakini 110 kati ya wote walikuwa wamekwisha kufa, wengi wao kwa sababu ya kifafa chenyewe: kwa kuanguka mfululizo, kwa kuzama majini, kwa kuungua.

Halafu mwaka 1995 Jilek-Aall na Rwiza, pamoja na wataalamu wa urithi wa Marekani, walitangaza uchunguzi wa koo. Waliandika nani kazaliwa na nani na nani anaanguka, wakapima kama kifafa kinafuata njia ya chembe za urithi, ambazo siku hizi huitwa vinasaba. Waliona kwamba ugonjwa hakika unafuata koo, ila kwa namna yenye mafundo mengi.

Wakati huo huo jambo jingine lilikuwa likingojea, nalo Mama Daktari aliliandika tangu miaka ya sitini. Watoto wengine wa Mahenge walikuwa wakitikisa kichwa, kinashuka na kupanda kama mtu asinziaye, hasa mbele ya chakula, kisha baadaye wakawa na kifafa kamili. Maneno hayo hayakutiliwa maanani sana. Miaka mingi ilipita, watoto wa namna hiyo wakaonekana Sudani ya Kusini na Uganda ya kaskazini, ndipo madaktari wa dunia wakarudi kuyasoma maandishi ya Mahenge. Na katika nchi zote tatu kulikuwa na jirani mmoja: usubi, ule ugonjwa wa minyoo iletwayo na inzi weusi wadogo wazaliwao kwenye mito iendayo kasi, ambao hupofusha macho.

Basi maji ya shamba yakaanza kushukiwa kuliko mbegu. Namna mnyoo wa usubi unavyoweza kuuharibu ubongo haijafumbuliwa bado, na visababishi vingine vipo, kama tegu wa nguruwe, malaria kali ya watoto na kuumia wakati wa kuzaliwa. Mgawo wa dawa ya usubi, ivamektini, ulianza Mahenge katika miaka ya tisini. Mwaka 2017 wachunguzi walirudi tena katika vijiji vya hesabu ile ya 1989, wakakuta kifafa bado kingi mno. Lakini umri wa wagonjwa ulikuwa umepanda kuliko kwanza.

Vikundi vya darasa vichukue swali hili moja kabla ya somo lijalo: kama kifafa kingekuwa cha urithi peke yake, je, umri wa wagonjwa ungebadilika hivyo katika muda wa miaka 28?