Boti za Mazu zilizotangulia serikali

Mei 1989, karibu boti 20 za uvuvi ziling'oa nanga Nanfang'ao, kaskazini-mashariki mwa Taiwan, zikiwa na waumini zaidi ya 200. Walikuwa wanakwenda kuzuru kisiwa cha Meizhou, pwani ya Fujian, China. Sheria ya Taiwan ilikataza chombo chochote kwenda moja kwa moja China bara. Wakaenda.

Aliyewavuta ni Mazu. Masimulizi yanasema alikuwa binti wa ukoo wa Lin, aliyezaliwa Meizhou mwaka 960, akafariki 987, na aliwaokoa wavuvi baharini. Baada ya kufa akaabudiwa kama mlinzi wa mabaharia. Nahodha mkuu wa China, Zheng He, alimheshimu mno: mwaka 1431, akijiandaa kwa safari yake ya mwisho, alisimamisha jiwe la maandishi Changle kumshukuru. Jiwe hilo linataja hata pundamilia na simba waliotolewa zawadi na Mogadishu, na mbuni kutoka Barawa. Naam, pwani yetu ya Afrika Mashariki imo katika shukrani zile.

Wahamiaji wa Fujian walivuka na Mazu kwenda Taiwan, Malaka na kwingineko. Hekalu jipya lilipojengwa, majivu yalichotwa kwenye chetezo cha hekalu la zamani yakatiwa katika chetezo kipya. Ndiyo maana waumini hurejea kwenye hekalu "mama": hubeba sanamu yao, huipitisha juu ya moshi wa ubani wa chetezo kikuu, kisha huchota majivu na kuondoka nayo.

Mwaka 1949, Taiwan na China bara zilipotengana kisiasa, njia hiyo ilifungwa. Mwaka 1987, miaka elfu moja tangu kifo cha Mazu, ujumbe wa hekalu la Dajia, Taiwan, ulifika Meizhou kwa kuzungukia Japani, safari ndefu kuwafikia majirani wa ng'ambo tu ya mlango-bahari. Wavuvi wa Nanfang'ao wao walikata maji moja kwa moja. Serikali zilikuja kuruhusu meli kati ya visiwa vya Kinmen na Matsu, vilivyo chini ya Taiwan, na pwani ya Fujian Januari 2001.

Leo Beijing humsifu Mazu kama daraja la umoja, na baadhi ya Wataiwan huona siasa ndani ya sifa hizo. Wana sababu ya kushuku. Lakini anayeandika historia ya kufunguliwa kwa bahari ile na kuanza na wanasiasa, amewadhulumu wavuvi.