Si kila betri yafaa kudumu kwenye chaja

KATIKA nyumba nyingi mjini Machakos, taa ya kuchaji, tochi na mashine ya kunyolea hukaa kwenye soketi usiku na mchana. Wenyewe huamini kwamba stima ikipotea ghafla, vifaa hivyo vitakuwa tayari.

Imani hiyo ina msingi. Mnamo Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipokumbwa na giza, aliyekuwa na taa yenye chaji alipata nafuu. Hata hivyo, taa iliyokaa kwenye chaja kwa miezi mingi yaweza pia kuzimika baada ya dakika chache. Yote hutegemea aina ya betri, ambayo aghalabu huonyeshwa kwenye kibandiko chake.

Betri za madini ya risasi, zenye alama ya Pb, hupatikana katika taa kubwa za dharura. Adui wao ni kukaa bila chaji, kwani salfati hugandamana ndani yake na kuziua. Hizi zafaa kudumu kwenye chaja, mradi iwe chaja inayopunguza umeme betri inapojaa.

Betri za nikeli, zenye alama ya Ni-Cd au Ni-MH, zimo katika mashine nyingi za zamani za kunyolea na simu za mezani zisizo na waya. Chaja nyingi za bei nafuu huendelea kuzisukumia umeme hata zikiwa zimejaa. Umeme huo wa ziada hugeuka joto, nalo huzichakaza. Saa zilizotajwa kwenye maagizo zikitimia, chomoa.

Betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka wa 1991, ndizo zimeenea zaidi leo. Chaja yake halisi hukata umeme yenyewe. Lakini betri hizi huzeeka upesi zikikaa zimejaa pomoni mahali penye joto, kama vile dirishani penye jua. Kifaa kisichotumiwa mara kwa mara kihifadhiwe kikiwa na chaji ya nusu, kisha kijazwe siku ya haja.

Kuhusu gharama, chaja inayovuta wati 1 wakati wote hula takriban yuniti 9 kwa mwaka. Hasara kubwa zaidi ni moto. Betri iliyovimba au inayochemka isichajiwe tena, na kifaa chochote kisichajiwe juu ya godoro watu wakiwa wamelala.

Betri iliyokufa nayo isitupwe jaani wala kuchomwa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mnamo 2020 mahakama iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni, uamuzi uliorejeshwa na Mahakama ya Juu mwaka wa 2024.

Kwa hivyo, kabla ya kuchomeka chaja jioni, soma kwanza kibandiko. Kisha izime taa ya umeme na uijaribu ile ya dharura. Usingoje giza likufahamishe kwamba imekufa.