Kuru: Ugonjwa wa Wafore Uliofichua Protini Inayoambukiza

Kuru ni ugonjwa wa ubongo uliowaua Wafore, jamii ya watu wapatao 11,000 katika nyanda za juu za mashariki mwa Papua New Guinea, kwa makumi ya miaka katika karne ya 20. Mgonjwa alianza kwa kuyumba anapotembea. Baadaye mwili ulitetemeka, ulimi ukawa mzito, akashindwa kusimama, kisha kukaa, mwishowe kumeza. Wengi hawakumaliza mwaka. Waliokufa zaidi walikuwa wanawake na watoto, hata baadhi ya vijiji vikabaki na wajane wa kiume wakilea peke yao.

Wafore waliuona kuwa ni kazi ya walozi, na waliotuhumiwa waliuawa. Mwaka 1957 Vincent Zigas, daktari wa utawala wa Australia, na Carleton Gajdusek kutoka Marekani walianza kuuchunguza. Walikuta vifo zaidi ya 200 kwa mwaka, lakini wagonjwa hawakuwa na homa, wala dalili yoyote ya maambukizi katika damu. Kwa kuwa kuru ilifuata familia, wengi walidhani ni maradhi ya kurithi. Hesabu ilikataa: jeni inayoua watu wengi kiasi hicho kabla ya kuzaa isingeweza kudumu na kuenea.

Wanaanthropolojia Shirley Lindenbaum na Robert Glasse walifika kati ya mwaka 1961 na 1963, wakakaa na wazee na kuandika nasaba zao. Wazee walikumbuka vizuri nani alikuwa mgonjwa wa kwanza kijijini. Kuru, kwa hiyo, ilikuwa ngeni. Ngeni pia ilikuwa desturi ya kula mwili wa marehemu wakati wa matanga, jambo lililofanywa kwa upendo na heshima kwa aliyefariki. Wanawake na watoto wadogo ndio waliokula ubongo. Wanaume wengi walijitenga na shughuli hiyo. Masimulizi ya kuru huwataja zaidi madaktari, na hilo si haki, kwa sababu kumbukumbu za Wafore ndizo zilizoonyesha njia ya maambukizi.

Mwaka 1959 William Hadlow, daktari wa mifugo Mmarekani aliyekuwa Uingereza, aliona picha za ubongo wa wagonjwa wa kuru ukiwa na matundu madogo kama sifongo. Aliyafahamu matundu hayo kutoka kwa kondoo wenye ugonjwa wa skrepi, unaoweza kuambukizwa kwa sindano na kuchukua miezi mingi kabla ya kujitokeza. Akashauri kuru ijaribiwe hivyohivyo. Familia za Wafore zilikubali miili ya wapendwa wao ipasuliwe, na mwaka 1963 sampuli za ubongo zikadungwa kwa sokwe huko Marekani. Baada ya miaka miwili hivi sokwe wakaanza kuyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka 1966, na Gajdusek akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Kiini chenyewe hakikujulikana. Wengi walitaja virusi vinavyokwenda polepole. Tikvah Alper, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi London, alikuwa amepiga skrepi kwa mionzi inayoharibu DNA na kuona haipotezi nguvu zake. Mwaka 1967 mwanahisabati J. S. Griffith akaeleza jinsi protini peke yake ingeweza kujieneza. Wachache walimsikiliza.

Stanley Prusiner wa California alilirudia wazo hilo mwaka 1982, akakiita kiini hicho prioni, na akapingwa vikali. Kisha ikagundulika kuwa protini hiyo hutengenezwa na jeni ya mwili wenyewe, katika wanyama wazima na wagonjwa pia. Tofauti iko kwenye umbo. Protini iliyokunjika vibaya huigusa iliyo sawa na kuigeuza ifanane nayo. Zilizogeuka hushikamana, hurundikana, na seli za ubongo hufa. Mwaka 1993 panya walioondolewa jeni hiyo walidungwa skrepi wasiugue. Prusiner alipata Nobel mwaka 1997.

Wakati huo Uingereza ilikuwa katika msiba wake. Kichaa cha ng'ombe, ugonjwa mwingine wa prioni uliotambuliwa mwaka 1986, kilienezwa na chakula cha mifugo chenye unga wa nyama na mifupa, na kikawafikia walaji. Watu 178 wamekufa nchini humo.

Kurundikana kwa protini zilizokunjika vibaya kunaonekana pia katika maradhi ya Alzheimer na Parkinson, ingawa protini zenyewe ni nyingine. Wagonjwa hao hawamwambukizi anayewahudumia, na hakuna sababu ya kuwaogopa.

Desturi ile ya matanga ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1950. Hakuna aliyezaliwa baada ya hapo aliyeugua kuru, lakini kati ya mwaka 1996 na 2004 walipatikana wagonjwa 11 waliokuwa wamebeba prioni kwa miongo kadhaa. Mwaka 2009 watafiti walieleza badiliko la jeni miongoni mwa Wafore linalomkinga mwenye nalo, na mwaka 2015 panya waliopewa badiliko hilo hawakuugua kuru. Dawa ya kutibu maradhi ya prioni haijapatikana.