Kipima mapigo ya moyo: namna ya kuchagua kwa fedha kidogo

Anayefanya mazoezi kwa ajili ya afya yake halazimiki kununua saa ya bei ghali ili ajue moyo wake unafanya kazi kiasi gani. Anachohitaji ni kipimo cha kuaminika, na katika soko la vifaa vya mazoezi bei na uaminifu haviendi pamoja siku zote. Mkanda wa kifuani usio na kioo wala rangi za kuvutia huweza kupima vizuri zaidi kuliko saa inayouzwa kwa bei kubwa kuliko wake.

Kipimo hicho kina manufaa hasa katika miji ya vilima kama Kigali. Mkimbiaji anayepanda mlima huenda polepole huku moyo wake ukipiga kwa nguvu. Anapoteremka, mwendo huongezeka na moyo hupata nafuu. Hapo mwendo peke yake haumwambii mtu kama anajichosha kupita kiasi, bali mapigo ya moyo humwambia.

Kipimo kisicho na gharama

Njia ya kwanza ni vidole viwili na saa yenye mshale wa sekunde. Mtu husimama, huweka vidole chini ya kidole gumba cha mkono wa pili, huhesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha huzidisha kwa nne. Akihesabu mapigo 30, moyo wake unapiga mara 120 kwa dakika. Inafaa kuhesabu mara tu baada ya kusimama, kwa kuwa mapigo huanza kushuka haraka.

Ili kukadiria kiwango cha juu cha mapigo, wengi hutoa umri wao katika 220. Mwenye miaka 40 hupata 180. Kwa mtu huyo, mazoezi ya wastani ni yale yanayofikisha mapigo kati ya 90 na 126, yaani asilimia 50 hadi 70 ya kiwango hicho; mazoezi makali huanzia hapo hadi 153, yaani asilimia 85. Kanuni nyingine, iliyochapishwa mwaka 2001, huzidisha umri kwa 0.7 na kutoa jibu katika 208. Kwa mwenye miaka 60, kanuni ya kwanza hutoa 160 na ya pili 166. Yote mawili ni makadirio tu, kwani watu wa umri mmoja hutofautiana.

Mkanda au saa?

Vifaa vinavyouzwa ni vya aina mbili kuu. Mkanda wa kifuani hunasa umeme hafifu unaotolewa na moyo kila unapopiga. Mwaka 1982, kampuni ya Polar ya Ufini ilitoa kipima mapigo kisichotumia waya kwa ajili ya wanamichezo, na mikanda ya leo bado hufuata msingi huo. Sehemu zake zinazogusa ngozi hulowanishwa kwa maji kabla ya kuvaliwa, la sivyo hutoa namba za kubahatisha mpaka jasho litoke.

Saa na bangili hutumia mwanga, mara nyingi wa kijani, kutazama damu inavyopita chini ya ngozi. Ni rahisi kuvaa, na hufaa mtu akiwa ametulia au akitembea. Hata hivyo, mkono unapotikisika sana, au mazoezi yanapobadilika ghafla kutoka mepesi hadi makali, namba huchelewa au hupotoka. Chale zenye wino, baridi na kulegea kwa mkanda wa saa huongeza kasoro hiyo. Ngozi nyeusi pia hufyonza mwanga wa kijani zaidi, hivyo kifaa kinapaswa kujaribiwa kwenye mkono wa mnunuzi mwenyewe, si wa muuzaji.

Kwa mkimbiaji au mwendesha baiskeli mwenye fedha kidogo na simu ya kisasa, mkanda wa kifuani wa kawaida ndio chaguo la kwanza. Mingi hutumia betri ndogo ya duara ambayo mtu huweza kuibadilisha mwenyewe, ilhali saa nyingi zina betri iliyofungiwa ndani. Ikichoka, mara nyingi saa nzima hutupwa.

Maswali kabla ya kulipa

La kwanza: je, kifaa kinatuma mapigo kwa Bluetooth kwa namna inayosomwa na programu yoyote ya mazoezi, au ni lazima kutumia programu ya mtengenezaji pekee? Programu hiyo ikiondolewa, kifaa huweza kubaki pambo.

La pili: kama ni mtumba, ni wa kizazi gani? Baadhi ya mikanda ya zamani huzungumza na saa zake tu, wala haiwezi kuungana na simu. Ni vyema pia kuuliza kama kitambaa cha mkanda huuzwa peke yake, kwa sababu ndicho huchakaa kwanza.

La tatu ni jaribio. Mnunuzi avae kifaa, akae dakika chache, kisha apande ngazi haraka. Mara zote mbili alinganishe namba na mapigo aliyoyahesabu kwa vidole. Zikitofautiana sana, akirudishe kabla hajatoa fedha.

Tahadhari

Kipima mapigo cha mazoezi si daktari. Anayetumia dawa za shinikizo la damu za kundi la beta bloka hapaswi kutegemea kanuni za umri, kwa kuwa dawa hizo huzuia mapigo kupanda. Yeye, pamoja na mwenye ugonjwa wa moyo au kifaa cha kurekebisha mapigo kilichopandikizwa mwilini, aulize mhudumu wa afya kwanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni sababu ya kusimama mara moja na kutafuta msaada, hata kama namba kwenye kioo inaonekana nzuri.

Asiye na kifaa chochote bado ana kipimo kingine: akiweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, mazoezi yake ni ya wastani; akishindwa kusema maneno machache bila kuvuta pumzi, ni makali.