Mirambo: Kijana wa Uyowa aliyefunga njia ya Ujiji

Wengi tunalijua jina Mirambo kwa sababu ya mtaa, shule au kambi ya jeshi kule Tabora. Lakini ukimuuliza mtu alianzaje, wengi wanaruka moja kwa moja mpaka kwenye vita vyake na Waarabu. Hapo katikati pameachwa miaka zaidi ya kumi, na ndiyo miaka iliyomtengeneza.

Alizaliwa karibu mwaka 1840 huko Uyowa, magharibi mwa Tabora, na jina lake lilikuwa Mtyela Kasanda. Baba yake, Kasanda, alikuwa mtemi. Usidhani ni ufalme mkubwa. Unyamwezi wakati ule ilikuwa na watemi wengi wadogo wadogo, kila mmoja na boma lake na mashamba yake, na Uyowa haikuwa ya kutisha mtu.

Kilichotisha ni Wangoni. Kundi lao lililoitwa Watuta lilikuwa limepanda kutoka kusini, likaingia Unyamwezi likipora ng'ombe na kuchukua vijana. Masimulizi ya Kinyamwezi yanasema Mtyela naye alichukuliwa akiwa kijana, akakaa nao, akajifunza lugha yao na namna yao ya kupigana. Wao hawakungoja adui aje bomani. Walitembea haraka, wakapiga ghafla, na kijana wa kabila lingine waliyemteka walimfanya askari wao. Ukiangalia vita alivyopigana Mtyela baadaye, mambo yote hayo matatu yamo.

Karibu mwaka 1860 alishika utemi wa Uyowa. Baadaye akaunganisha na Ulyankulu, halafu akaanza kuwageukia majirani. Jina Mirambo, linalotafsiriwa kuwa maiti nyingi, ni la vitani. Hakupewa na mama yake.

Jeshi la vijana wasio na wake

Askari wake waliitwa rugaruga. Jina hilo lilikuwapo kabla yake na watemi wengine walikuwa nao, ila yeye aliwafanya jeshi la kudumu. Walikuwa vijana tupu: mateka wa vita, watoro, wapagazi waliochoka kubeba mizigo ya watu, na wengine waliokosa ukoo wa kurudia. Walivaa nguo nyekundu, wakavuta bangi, wakajipamba kwa vitu ambavyo ukiwa unakula sasa hivi ni bora nisivitaje. Mshahara haukuwapo. Ulipigana, mkashinda, ukapata fungu lako la mateka.

Mwaka 1876 Mirambo alikutana na Stanley, yule mwandishi na msafiri, akamweleza kwa nini anapenda vijana. Kwa maneno mengine alisema hivi: mtu mzima mwenye mke na watoto anaingia vitani akifikiria nyumbani, wakati kijana ana macho makali, miguu myepesi, na hana anachoogopa kukipoteza. Ukitafakari, ni hesabu ya kikatili. Lakini ilifanya kazi.

Silaha zao zilikuwa mikuki na magobori. Na gobori bila baruti ni fimbo tu. Baruti ilitoka pwani, na kutoka pwani mpaka Tabora palikuwa na njia kuu moja.

Hongo

Njia hiyo tunaijua sisi wa huku. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikavuka mto Kingani, ambao ndio Ruvu hii hii tunayokunywa maji yake Kibaha, kisha ikaenda Ugogo mpaka Tabora. Kutoka Tabora ikaendelea hadi Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Kwenda ilibeba vitambaa, shanga, bunduki na baruti. Kurudi ilibeba pembe za ndovu na watumwa.

Kila aliyekuwa na nchi njiani alidai hongo. Hata mapazi wa Uzaramo walidai: Burton alipopita mwaka 1857 ilibidi awalipe. Kwa hiyo Mirambo alipoanza kudai hongo hakuzua jambo geni. Ugeni ulikuwa kwamba Waarabu wa Tabora walikwishazoea kuamua wenyewe nani awe mtemi. Mnywa Sele wa Unyanyembe alipojaribu kuwatoza kodi walimng'oa, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele alipigana nao kwa miaka, akauawa mwaka 1865. Mirambo aliyaona hayo yote akiwa mtemi kijana wa jirani.

Mwaka 1871 alisimamisha msafara uliokuwa unakwenda Ujiji. Stanley, aliyefika Tabora mwezi Juni mwaka huo akimtafuta Livingstone, ameandika masharti yalivyokuwa: mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Wenye msafara walibishana kutwa nzima, mwishowe wakalipa. Halafu wakaambiwa warudi walikotoka, njia imefungwa.

Agosti 1871

Waarabu wakakusanya zaidi ya watu 2,000, na Stanley akajiunga na watu wake akidhani ni kazi ya siku chache. Mwanzo walishinda. Walichukua boma la Zimbizo, kisha kijana mmoja wa Kiarabu, Soud bin Sayd, akaenda na watu 500 kupiga Ulyankulu kwenyewe, kwa Mirambo. Boma likaanguka. Wakapata pembe zaidi ya mia moja, nguo na watumwa.

Ila mwenye boma hakuwamo. Mirambo alikuwa ametoka na watu wake, akazunguka, akawalaza kwenye nyasi ndefu pande zote mbili za njia ya kurudi Zimbizo. Soud na wenzake wakaja taratibu, wamelemewa na mali. Rugaruga wakainuka. Waarabu waliokuwa kwenye msafara huo wote waliuawa, Soud akiwa mmoja wao.

Hapa ndipo unapoona mafunzo ya Wangoni. Mtemi mwingine angekufa akilinda ukuta wake. Huyu aliacha ukuta utekwe, akangoja adui achoke kwa kubeba.

Habari ilipofika Zimbizo jeshi zima lilikimbia, kila mtu na lwake. Stanley, aliyekuwa mgonjwa wa homa, alirudi nyuma akiwa amekasirika na wenzake kuliko na Mirambo. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaja Tabora mwenyewe. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa mji, alitoka kumkabili akiwa na watu wachache. Watumwa wake wenye bunduki walimwacha, naye akauawa pamoja na wenzake. Sehemu ya mji ikachomwa moto. Kule Kwihara, mwendo mfupi kutoka hapo, Stanley alikuwa anatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za nyumba yake.

Mirambo hakuukalia mji. Alichukua alichotaka, akaondoka. Stanley naye ilibidi azunguke kusini, kupitia Ukonongo, ndipo akafika Ujiji na kumkuta Livingstone. Kwa hiyo safari ile maarufu ilipinda kwa sababu ya mtemi wa Uyowa.

Vita viliendelea kwa miaka kadhaa. Sultani Barghash wa Zanzibar alituma askari, hawakufua dafu. Pembe zilikwama, wafanyabiashara wa pwani wakahesabu hasara, na watu wa vijiji vya katikati walichomewa maboma na pande zote mbili. Hawa ndio tunaowasahau tukimsifu Mirambo. Rugaruga walikula kwenye ghala la mkulima ambaye hakuwa na ugomvi na mtu.

Katikati ya miaka ya 1870 Waarabu walikubali amani. Stanley alipomkuta mwaka 1876 alitegemea kuona jambazi. Akaona mtu mtulivu, mwenye sauti ya chini, wakachanjiana damu wakawa ndugu. Akamfananisha na Napoleon.

Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884, akiwa na umri wa miaka 44 hivi. Jeshi lake lilimtegemea yeye, na dola ikavunjika muda mfupi baadaye. Jina limebaki kwenye ramani: wilaya ya Urambo, mkoani Tabora.