Amiri Jeshi na Mkuu wa Majeshi

Wapo ndugu zetu hapa Sumbawanga wanaowachanganya wawili hawa. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais. Mkuu wa Majeshi ni askari anayemteua yeye. Askari wa Tanganyika walipoasi Januari 1964, uasi ulizimwa na Waingereza, watawala wa jana! Ndipo Septemba likaundwa Jeshi la Wananchi, chini ya Mrisho Sarakikya, hadi 1974. Ng'ambo ya ziwa, mkabala na Ufipa yetu, mkuu wa jeshi Mobutu alitwaa nchi Novemba 1965. Na Khalid bin Walid? Sayyidna Umar (r.a.) alimvua uamiri akiwa mshindi, watu wasije wakadhani ushindi watoka kwake. Khalid, mwenye jeshi lililompenda, akaendelea kupigana chini ya Abu Ubayda.