Njia ya Wapagazi

Mkazi wa Dar es Salaam akichoka na jiji hana haja ya kwenda mbali. Wapo wanaovuka kwa pantoni kwenda Kigamboni, wapo wanaopanda boti kwenda kisiwa cha Bongoyo au Mbudya, na wapo ambao mapumziko yao ni kulala tu mpaka jua liingie dirishani. Mimi na mke wangu, tangu tuoane, tumekuwa watu wa kaskazini. Jumamosi mojamoja, kazi za nyumbani zikiisha mapema, tunafungasha vitumbua na chupa ya chai, tunashika barabara ya Bagamoyo. Tunapita Tegeta na Bunju, tunavuka mto Mpiji na kuingia Mkoa wa Pwani, kisha Mapinga, Kerege na Zinga, na mwendo wa kilomita 70 hivi unakuwa umekwisha.

Mwanzoni tulikuwa tukifuata bahari na samaki wa kukaanga. Mwenzangu ndiye aliyeyageuza matembezi haya yakawa somo la historia, na aliyageuza kwa swali moja tu. Yeye asili yake ni Tabora, Mnyamwezi, na kila tunapoonyeshwa kitu cha kale katika pwani hii huuliza: "Hiki alikibeba nani?" Ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni mzaha. Lakini kwa miaka mingi swali hilo limetufungulia mambo ambayo vibao vya maelezo havikuyaandika.

Tuanze na Kunduchi, mahali ambapo hata mpaka wa jiji haujavukwa. Ng'ambo ya hoteli na soko la samaki, chini ya mibuyu, pana magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe na chokaa, na katika nguzo hizo wenyeji wa karne ya 18 walipachika sahani na bakuli za kauri kutoka China. Nyingi zimekwisha kung'olewa, yakabaki mashimo ya duara yaliyo laini kwa ndani, kama alama ya kikombe juu ya meza. Mke wangu hupitisha kidole katika mashimo hayo. Sahani ile ilisafiri kwa meli mpaka huku, lakini meli haipandi mchanga. Mtu aliiteremsha, akaingia nayo majini, akaipandisha pwani. Marehemu ana kaburi lenye nguzo. Huyo aliyeiteremsha hana.

Kaole iko kilomita kama 5 kusini ya mji wa Bagamoyo. Hapo pana magofu ya misikiti miwili na makaburi 22. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba mahali hapo mwaka 1958, na msikiti wa kale zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Ukisimama kwenye magofu utashangaa bahari imekwenda wapi, maana mbele yako ni msitu wa mikoko. Matope yalijaa, mikoko ikaota, na bandari ikazibwa. Waongoza wageni husimulia kuwa kaburi moja hapo ni la mume na mke waliokufa maji pamoja. Mwenzangu hupenda kukaa karibu nalo, na kila mara hunikumbusha kwamba mpaka leo sijajifunza kuogelea.

Burton na Speke walianzia hapo Kaole safari yao ya bara mwaka 1857. Lakini wakati huo nyota ya jirani yake ilikuwa imekwisha kupanda. Bagamoyo, iliyoanza kukua mwishoni mwa karne ya 18, ikawa katika karne ya 19 mlango mkubwa wa misafara. Ilikuwa inatazamana na Unguja, na wahenga walikwisha sema kwamba zumari ipigwapo Unguja, hucheza walio maziwa makuu. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara. Nguo za merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba na bunduki zikapanda. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800, mwendo wa miezi miwili hadi mitatu, na njia yote hiyo hapakuwa na gari wala punda wa kutegemea, kwa sababu mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Ilibaki bega la binadamu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 30 hivi, yaani karibu frasila mbili, mbali na chungu, mkeka na chakula cha mpagazi mwenyewe.

Hapa ndipo swali la mke wangu linapogusa nyumbani kwao. Msemo wa "mzigo mzito mpe Mnyamwezi" tunausema leo kwa utani, lakini umetoka katika njia hii. Miongoni mwa Wanyamwezi wa karne ile, kijana alihesabiwa kuwa mwanamume kamili akishafika pwani na kurudi. Walikuja maelfu kwa maelfu wakati wa kiangazi, msafara ukiongozwa na kirangozi aliyevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, ngoma ikilia mbele. Walipatana ujira, walidai posho, na walipodhulumiwa waligoma au walitua mizigo na kuondoka. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Tanganyika, ameonyesha kwa urefu kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wa kulipwa wenye ujuzi na heshima ya kazi yao. Katika ukoo wa mke wangu husimuliwa kuwa babu wa babu yake alikwenda pwani mara tatu, na kwamba nguo aliyorudi nayo mara ya tatu ndiyo iliyomlipia mahari.

Jumamosi moja tulifuatana na mzee mmoja aliyekuwa akiwatembeza wageni mjini. Alitueleza maana ya jina la mji kama inavyoelezwa mara nyingi: kwamba watumwa walipofika hapa na kuiona bahari waliibwaga mioyo yao, wakijua kwamba hawatarudi tena. Kisha, baada ya kumsikia mke wangu akitaja kwao, akamwambia kwa huruma, "Pole, mwanangu. Na wazee wako walipita hapa na minyororo."

Mke wangu akamjibu kwa adabu, "Shikamoo tena, babu. Wengine walipita hivyo, Mungu awarehemu. Lakini wa kwetu alikuja kwa miguu yake, akalipwa, akarudi."

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akacheka, akasema kuwa marehemu baba yake alikuwa akilieleza jina hilo kwa namna nyingine: mpagazi amefika, mzigo ameutua, moyo umetulia, sasa aburudike. Wanahistoria wengi wanaona maana hiyo ya pili ndiyo yenye uzito, kwa kuwa wapagazi ndio waliojaa mjini na ndio waliokuwa na sababu ya kuusifu. Watumwa waliouzwa ng'ambo kutoka pwani hii walipitishwa zaidi Kilwa, upande wa kusini. Biashara kuu ya Bagamoyo ilikuwa pembe.

Hata hivyo sipendi mtu aichukue maana ya pili ili kuifuta ya kwanza. Watumwa walipita Bagamoyo, na ushahidi wake unao mji wenyewe. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni yao hapo mwaka 1868, walijenga kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wao watoto walionunuliwa katika soko la Unguja, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Tena mstari kati ya mpagazi na mtumwa haukuwa umenyooka. Walikuwapo watumwa wa matajiri wa pwani waliokodishwa kama wapagazi, wakigawana ujira na mabwana zao. Katika msafara mmoja wangeweza kufuatana mtu aliyekwenda kutafuta mahari na mtu asiyejimiliki, mizigo yao ikiwa na uzito uleule. Kwa maoni yangu jina la mji linatosha kuwabeba wote wawili. Kosa ni kumfanya kila mwenye mzigo kuwa mtumwa, maana hapo tunamnyang'anya mtu kitu pekee alichorudi nacho kwao, yaani heshima ya kazi yake.

Wageni wengi hupelekwa kwenye mnara wa kanisa la zamani la misheni, unaoitwa mnara wa Livingstone. Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo katika nchi ya Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake hukohuko chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga kama mzigo na kuubeba kwa muda wa miezi tisa, mwendo wa kilomita zipatazo 1,600. Mwezi Februari 1874 waliuingiza Bagamoyo, ukalala misheni, kisha ukavushwa Unguja na hatimaye kuzikwa London katika kanisa la Westminster Abbey. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Mtu mashuhuri kuliko wote waliopitishwa Bagamoyo alifika akiwa mzigo, na moyo wake alikuwa amekwisha ubwaga mbali sana na bahari. Aliyefuatana na jeneza mpaka Uingereza ni mmoja tu, Jacob Wainwright. Wengine walilipwa ujira wao wakaachishwa. Mke wangu kila akisimama chini ya mnara ule husema kwamba ungepaswa kuitwa mnara wa Susi na Chuma.

Si kwamba waliofaidika na mabega ya watu wote walikuwa wagumu wa moyo. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitajirika kwa kuipatia misafara bidhaa na wapagazi. Mali yake aliitumia kujenga shule Bagamoyo kwa ajili ya watoto wa rangi zote, na hospitali Dar es Salaam. Jina lake lipo Muhimbili mpaka leo, na sijui kama kuna familia katika jiji letu ambayo haijawahi kumpelekea mgonjwa uji katika jengo la Sewahaji. Uji ule nao, ukifikiri, umetoka katika frasila za pembe.

Mji uliotegemea mabega ulikufa mabega yalipoachwa kutumika. Wajerumani walifanya Bagamoyo kuwa makao yao ya kwanza, lakini maji yake ni mafupi na meli hutia nanga mbali, kwa hiyo mwaka 1891 walihamia Dar es Salaam, yenye bandari ya kina. Boma kubwa walilolijenga Bagamoyo mwaka 1897 lilikuwa la wilaya tu. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka Dar es Salaam. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Msafara wa miezi ukawa safari ya siku chache, na ujuzi uliorithishwa kwa vizazi ukawa hauna mnunuzi.

Ila mzigo haukuisha. Mwaka uleule reli ilipofika Kigoma, vita vikuu vilianza, na majeshi yalipoiacha reli na kuingia porini yalihitaji tena mabega, safari hii kwa nguvu. Upande wa Waingereza peke yake ulikusanya wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa kwa njaa, homa na kuhara hawapungui 95,000. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliweka hapo kambi yake, na ulimi wa wenyeji ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Tunalitamka kila siku tukienda kununua nyanya.

Katikati ya jiji pana sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki. Nairobi wana sanamu ya vita hivyohivyo, na humo mpagazi amewekwa pamoja na askari. Mwaka 2006 nchi yetu iliiorodhesha njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji miongoni mwa mahali inapopendekeza paingizwe katika Urithi wa Dunia, ikaiita njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Bidhaa zimetajwa zote mbili. Mchukuzi wa kulipwa hayumo katika jina.

Kwa hiyo, ukienda Bagamoyo, usiishie kwenye mnara na Boma. Teremka mpaka ufukweni, karibu na jengo la forodha la zamani, wakati majahazi yanapakuliwa. Utawaona vijana wakitembea majini, maji yakiwafika kifuani, magunia na madumu yakiwa mabegani, wakipandisha mchanga na kurudi tena. Wanalipwa kwa kila mzigo, na bei wanapatana kwa kelele na mzaha mwingi. Mke wangu huwasalimu mmoja mmoja, nao humwita shangazi.